Sikio Lisilo na Tundu

Mtoto alitangulia kuzaliwa, mama akafuata nyuma. Ukikitegua kitendawili hicho, basi wewe umekulia kusini. Ukishindwa usione haya, maana hata Mkwe alishindwa.

Mkwe hakuwa mtu. Alikuwa mikono miwili ya mpira wa kijivu iliyoota kwenye nguzo ya chuma, akawekwa mbele ya meza ya kubangulia katika ukumbi wa kiwanda cha korosho cha Litembo, upande wa Newala. Waliomleta walimwandikia jina refu la herufi na namba ubavuni mwa nguzo. Wanawake wa ukumbi ule, sitini na mmoja, walilitazama jina hilo siku ya kwanza, wakalitazama siku ya pili, na siku ya tatu Bi Fidea akasema, "Huyu ni mkwe tu. Kaja kuchukua cha watu, na mpaka akichukue tutampa kiti na kumtengea chakula." Jina likanata kama utomvu.

Aliyepangiwa kumfundisha alikuwa Bi Somoe, mjane wa miaka hamsini na tisa, mwenye miaka thelathini na minane katika meza ile. Kila asubuhi alivaa glavu nyembamba kama ganda la kitunguu, zilizofumwa kwa nyuzi zisizoonekana. Kila kilichofanywa na vidole vyake, glavu zilimwambia Mkwe. Kifuani alibandikwa kidude mfano wa kifungo cha shati, nacho kilichukua maneno yake na kuyapeleka ng'ambo kwa watengenezaji. Huko mashine nyingine iliyageuza kuwa lugha yao, ikarudisha maswali. Hapakuwa na mkalimani katikati. Wakalimani walikwisha rudi makwao zamani, kabla hata ya madereva. Siku hizo malori yalipanda mlima wa Newala yenyewe, kiti cha mbele kitupu, na watoto walikwisha acha kuyapungia mkono.

Meza ya kubangulia ina visu viwili vilivyopinda, vinatazamana kama wagomvi. Mkono wa kushoto unaishika korosho katikati, mkono wa kulia unavuta mpini, mguu unakanyaga, visu vinaingia kwenye ganda. Hapo pana nukta moja, fupi kuliko kupepesa jicho, ambapo ganda linaachia na kisu hakijagusa kiini. Ukiiacha mapema hujafungua kitu. Ukiivuka, umekata kiini, na kiini kilichokatwa kinakwenda na vipande. Zamani zilikuwapo mashine zilizobangua gunia zima kwa saa moja, lakini hizo zilikuwa za mbegu ya zamani. Baada ya miaka ya ukame watu walipanda mbegu mpya isiyojali kiu, nayo ikazaa korosho zenye ganda lililopinda kila moja kivyake, kama meno ya mzee. Mashine zile zikawa zinasaga tu. Kazi ikarudi kwenye vidole vya wanawake, na wanawake wakadhani imerudi moja kwa moja.

Siku ya nane ya mafunzo, Mkwe aliuliza kwa Kiswahili chake kilichonyooshwa kwa pasi, "Mwalimu, ulijuaje kwamba ganda limeachia?"

"Nasikia," akasema Bi Somoe.

"Kila mara?"

"Kila mara nasikia. Nisiposikia, sivuti."

"Asante, Mwalimu."

Naye akachukua korosho nyingine, wala hakulifikiria tena lile neno.

Mchana wa siku hiyo, wakati wa chakula, Bi Fidea alisogea na sahani yake ya ugali wa mtama mpaka miguuni pa nguzo. Fidea alikuwa mtani wa Somoe tangu utotoni, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuchota maji kisimani.

"Mkwe. Kitendawili."

Mkwe akageuza viganja.

"Husemi tega? Kwenu hamkufunzwa?"

"Tega," akasema Mkwe.

"Mtoto alitangulia kuzaliwa, mama akafuata nyuma."

Vidole vya mpira vikafumba, vikafumbua. "Haiwezekani. Mtoto hawezi kumtangulia mama."

Wanawake wakacheka mpaka mwingine akapaliwa. "Umeshindwa," akasema Fidea. "Nipe mji nikupe jibu."

"Mji upi?"

"Wowote ulio wako. Nikiupenda nitakwenda, nile, nishibe, nirudi nikujibu. Nisipoupenda utanipa mwingine."

Mkwe akafikiri kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kufikiri juu ya korosho. "Sina mji," akasema.

Kicheko kikapungua. "Masikini," akasema Bi Asumini, aliyekuwa mdogo kuliko wote. Fidea akalamba vidole, akasimama. "Asiye na mji hapewi jibu. Hiyo ndiyo sheria, hata kama ni mkwe."

Jibu ni korosho yenyewe. Kwenye mkorosho huanza kuonekana korosho, halafu ndipo bibo, tunda lake, livimbe juu. Asiyewahi kukaa chini ya mkorosho atalijulia wapi?

* * *

Lipo jambo ambalo Bi Somoe hakumwambia mtu.

Wakati wa masika, kabla Mkwe hajaletwa, alikuwa akiipua sufuria ya maharage kwake. Alisikia harufu ya nyama inayoungua, akageuka kutazama kama paka kaangusha kitu mafigani. Hapakuwa na paka. Kilichoungua kilikuwa kidole gumba chake cha kushoto. Aliiweka sufuria chini taratibu, akakitazama kile kidole kama anavyotazamwa mgeni ambaye hajasema anatoka wapi. Akakibonyeza kwa ukucha, akakibonyeza kwa mwiba wa mchongoma. Kimya. Mafuta ya maganda ya korosho yanakula ngozi, kila mbanguaji anajua hivyo, ndiyo maana wanajipaka majivu na mafuta ya nyonyo. Lakini baada ya miaka thelathini na minane yalikuwa yamepita ngozi, yakaingia ndani na kuzima taa.

Hakulia. Ganzi ile haikukaa kidoleni tu. Ilikuwa kama imepanda mkononi ikamjaa kifuani, na tangu hapo mambo yalimfikia kutoka mbali, kama redio ya jirani.

Kidole cha shahada kilikuwa hai bado, nusu. Kwa hicho na kwa mazoea aliweza kubangua vizuri, mradi asiharakishwe. Na katika kiti cha mwalimu hakuna haraka. Hapo unachukua korosho moja, unaigeuza, unaibangua, unamngoja mwanafunzi. Kwa hiyo alipochaguliwa, wenzake walimwonea wivu, wengine walimnunia, naye alikaa kwenye kile kiti kama mtu aliyepewa kivuli wakati jua limemfika utosini. Mkataba ulisema hivi: Mkwe akifaulu mtihani, Bi Somoe atabaki kuwa mwalimu wake miaka mitano, kwa kuwa kila msimu unakuja na korosho zenye tabia mpya. Asipofaulu, Mkwe anarudishwa kwao, na Bi Somoe anarudi mezani, kwenye trei na mwendo wa wote.

Mezani asingemaliza wiki.

* * *

Masikio yaliletwa siku ya arobaini.

Aliyeyaleta ni injinia Editruda, binti wa Masasi mwenye nywele za kusuka kwenda nyuma, aliyekuwa akija mara moja kwa wiki kumkagua Mkwe. Alifungua kisanduku, akatoa vipande vidogo kama mbegu za mchicha, akaanza kuvipandikiza kwenye visu na kwenye viganja vya mpira.

"Ni nini hivyo, mwanangu?" akauliza Bi Somoe.

"Masikio, bibi. Ishirini na manne. Wenyewe kule wamesema siri yako yote iko masikioni." Editruda alisema huku ameuma bisibisi kwa meno. "Ati kuna sauti ganda linapoachia, wewe unaidaka, sisi wengine hatuidaki. Wamekesha wanaitafuta. Nawe bibi, kweli una masikio hayo?"

Bi Somoe alikuwa anavua glavu ya kushoto. Ikasimama nusu.

"Masikio yangu mazima," akasema.

Akaelewa pale pale. Neno lilikuwa limetoka kinywani mwake zima, likaenda ng'ambo, likavunjika njiani. Maana sisi tunasikia kwa kila kitu. Tunasikia njaa, tunasikia baridi, tunasikia harufu ya mchuzi, tunasikia uchungu wa mwana. Mtoto wa miaka mitatu anajua hivyo. Yeye aliposema nasikia, alisema habari ya kidole. Waliopokea neno walikuwa na mlango mmoja tu wa kusikia, nao uko pembeni mwa kichwa. Na huyu binti, ambaye angeelewa mara moja kama angelisikia neno lenyewe, aliletewa jibu lililokwisha pikwa na wengine.

Ganda la korosho likiachia halitoi sauti. Halisemi chochote.

"Bibi, umechoka?" akauliza Editruda.

"Hapana. Endelea na kazi yako."

Kwa wiki tatu Mkwe akasikiliza. Aliinamisha viganja, akasubiri, akavuta, akakata kiini. Akasubiri zaidi, akakata kiini kingine. Kabla ya masikio alikuwa akitoa korosho nzima hamsini na tano katika mia. Baada ya masikio, hamsini na saba. Kuketi mbele yake ilikuwa kama kumtazama mtoto anayeandika herufi kinyume na wewe umeshika kalamu mkononi. Bi Somoe aliketi. Wakati mwingine mkono wake uliinuka wenyewe kutaka kumshika kiganja, umwambie si hapo, ni hapa. Akaurudisha mapajani.

* * *

Jumatatu ya wiki ya mtihani, msimamizi Chilumba alipanda juu ya gunia akasoma karatasi. Alisoma kwa sauti ya chini, kama anayesoma barua ya mtu mwingine. Alhamisi, saa nne asubuhi, Mkwe atapewa korosho mia. Akitoa nzima tisini, wataletwa wengine kumi na wawili kama yeye, na wabanguaji sitini watashukuriwa kwa utumishi wao. Asipotoa, mzigo wa msimu huu na ujao utabanguliwa kwa mikono kama kawaida.

"Kushukuriwa ndiyo kufanywa nini?" akauliza Asumini.

"Ndiyo huko huko, nyumbani," akasema Chilumba, akashuka.

Hakuna aliyepiga kelele. Walirudi mezani wakabangua. Jioni, walipokuwa wakisugua mikono kwa majivu penye bomba, Fidea alisimama karibu na Somoe.

"Mama mkwe, mwanao hajambo?"

"Hajambo."

"Anakula?"

"Anakula vipande."

Fidea akacheka puani. Akanyoosha mikono yake chini ya maji, vidole vyeusi vilivyopasuka kama udongo wa bwawa lililokauka. "Juzi nimekwenda kule mjini kuuliza kazi ya kuosha vyombo. Nikakuta mashine inaosha. Nikauliza kufagia. Nikaonyeshwa kitu kama kobe kinafagia. Yule kijana akaniambia, mama, wewe unajua nini? Nikamwambia najua korosho." Akafunga bomba. "Somoe, mimi sikulaumu. Kiti wangenipa mimi ningekalia, tena ningejinyoosha. Nakuuliza tu kama mtani. Atafaulu?"

"Sijui."

"Hujui, au husemi?"

Bi Somoe akajifuta mikono kwenye khanga. Alitaka kusikia hofu, au huruma, au kitu chochote. Kilichokuja ni kwamba maji yalikuwa yanaendelea kudondoka, na kwamba mpira wa bomba unataka kubadilishwa.

"Sijui," akasema tena.

Neno moja tu. Angekiinamia kile kifungo cha kifuani, akasema: kusikia ni kwa kidole, siyo kwa sikio. Watengenezaji wangeng'oa masikio, wangepandikiza kitu kingine, na Alhamisi Mkwe angevuka tisini. Yeye angekaa kivulini miaka mitano, na kidole chake kingekufa polepole bila mtu kujua. Na asiposema hajadanganya. Aliulizwa, akajibu. Hilo nalo lilikuwa kweli, na halikumsaidia.

* * *

Jumatano mchana Editruda alikuja peke yake. Alimzima Mkwe, akavuta ndoo, akaigeuza, akaikalia mbele ya Bi Somoe. Macho yake yalikuwa mekundu. Wenzao walikuwa nje wakila.

"Bibi, nimeangalia kila kitu. Masikio yanafanya kazi, glavu zinafanya kazi. Hafiki hata sitini. Kuna kitu hatukukielewa."

"Inawezekana."

"Mimi si adui yenu, bibi. Mama yangu alikuwa mbanguaji Masasi. Amenisomesha kwa vidole vyake. Leo hawezi kushika sindano, hawezi kufunga kifungo cha gauni, na ugali anakulia kijiko." Alitazama mikono yake mwenyewe, laini. "Nilipoanza kazi hii niliapa hakuna mama mwingine atakayeliwa vidole. Hata wakinichukia. Sasa wewe niambie, nimekosea?"

"Hujakosea," akasema Bi Somoe. Na alimaanisha. Gumba lake lilikuwa limelala juu ya paja kama kitu alichookota njiani. "Mama yako anaishi na nani?"

"Na mimi."

"Basi ana bahati. Hawa sitini wakaishi na nani?"

Kuku aliingia mlangoni, akadonoa maganda, akaona ni machungu, akatoka.

Bi Somoe akavuta pumzi. Hakuwa amepanga. "Kitendawili," akasema.

Binti akatabasamu kwa uchovu, kama mtu anayekumbushwa nyumbani. "Tega."

"Ninalo sikio lisilo na tundu. Husikia moto, husikia baridi, husikia mwiba. Jina lake likiitwa, halisikii."

Akakisema polepole, kila neno mahali pake. Siri yote ilikuwa pale, imevuliwa nguo, imebaki khanga moja. Kama binti angekitegua, basi kingekuwa kimeteguliwa, na shauri lingekuwa la Mungu.

"Moyo," akasema Editruda.

"Moyo unausikia mwiba?"

"Wakati mwingine." Akafikiri. "Ulimi?"

Kitu kikagonga mara moja ndani ya Bi Somoe, kwa mbali. "Karibu," akasema. "Siyo."

"Karibu?" Editruda akainamisha kichwa. Midomo yake ilikuwa inaendaenda kimya kimya. Husikia moto, husikia baridi. Alikuwa na akili, huyu mtoto. Bi Somoe alimtazama, akahesabu pumzi zake. Kisha binti akajisugua uso kwa viganja vyote viwili, vidole vyote kumi vikipita mbele ya macho yake. "Nimeshindwa, bibi. Kichwa kimejaa. Chukua mji."

Sheria ni sheria. Umepewa mji, unatoa jibu.

"Mji gani?"

"Masasi kwetu."

Hapa ndipo mlango ulipokuwa wazi. Angesema, nimeufika Masasi, nimepokewa, nimekula, nimeshiba, na jibu ni hili. Miaka mitano kivulini.

"Masasi sitaki," akasema Bi Somoe. "Kuna watani wengi, watanivua khanga barabarani."

Editruda akacheka. "Haya, Lindi."

"Lindi joto."

"Songea."

"Songea baridi, nami sina sweta."

"Bibi nawe. Haya, Dodoma, ukae na wakubwa."

"Vumbi. Nitarudi nakohoa."

"Dar es Salaam. Nakupa yote, na bahari yake."

"Nitapotea. Huko hata nyumba hazina wa kumuuliza njia."

Binti alikuwa anacheka sasa, mkono kwenye mbavu, akidhani kikongwe anamchangamsha. Bi Somoe naye alicheka kwa mdomo. Kila mji alioukataa alikuwa anaukataa kweli. Masasi ulikuwa mwaka mmoja wa mshahara, Lindi mwaka, Songea mwaka. Aliisukuma mmoja mmoja kutoka mezani, naye mkono wake hausikii uzito.

"Unguja," akasema Editruda. "Hiyo ya mwisho. Huko huwezi kukosa wali."

"Unguja nitatapika majini."

"Basi sina mji mwingine, bibi. Umenimaliza."

"Basi kitendawili changu kinabaki kwangu."

Editruda akasimama, akairudisha ndoo mahali pake. Alimgusa Bi Somoe begani, akaenda kumwasha Mkwe.

* * *

Alhamisi, saa nne, wanawake sitini walisimama ukutani. Kamera ndogo iliwaka taa ya kijani. Watengenezaji walikuwa wakitazama kutoka kwao. Chilumba akamwaga korosho mia kwenye trei. Mkwe akaanza.

Alikuwa mwanafunzi mzuri. Hilo lazima lisemwe. Hakuharakisha, hakuvunjika moyo. Alishika kila korosho kama yai, akainamisha viganja vyake vyenye masikio ishirini na manne, akasikiliza sauti isiyokuwapo. Kisha akavuta. Nzima. Kipande. Kipande. Nzima. Ukumbi ulikuwa kimya kabisa ili asisumbuliwe, wanawake wenyewe walizuia kikohozi, na haikusaidia kitu.

Chilumba alitenga nzima upande mmoja. Zilikuwa hamsini na nane.

Mkwe akaufungua mkono wake mtupu. "Mwalimu, nilisikiliza vizuri?"

"Ulisikiliza vizuri sana," akasema Bi Somoe.

Taa ya kijani ikazimika. Ukutani, mtu mmoja akaanza kupiga vigelegele, na wengine wakapokea. Bi Somoe alibaki kwenye kiti mpaka walipokuja mafundi wawili wenye turubai na kamba. Wakamwambia samahani mama, tunataka na kiti.

Editruda aliondoka alasiri. Gari lisilo na dereva lilikuwa linamngojea getini, mlango wazi. Alikuwa ameshika mkoba na kile kisanduku cha masikio.

"Watanipeleka kwenye mashine za chai," akasema. "Huko hawanihitaji sana. Ipo tayari nyingine inayofanya kazi yangu." Akaingia, akatoa kichwa dirishani. "Bibi, kuna kitu sikukuuliza?"

Bi Somoe akamwangalia. "Msalimie mama yako," akasema. "Mwambie vidole avikande kwa maji ya vuguvugu na chumvi. Havitapona, lakini vitalala."

Gari likaondoka lenyewe.

* * *

Jumatatu Bi Somoe alirudi mezani, katikati ya Fidea na Asumini. Trei mpya, korosho mpya, mwendo wa wote. Asubuhi yote Fidea aliongea. Aliongea habari za mkwe aliyerudishwa na mahari yake, akaiga mikono ya mpira ikisikiliza, na ukumbi ukacheka. Somoe alikuwa akivuta mpini na kukanyaga. Nzima. Kipande. Kipande. Aliongeza mwendo ili afikie wengine. Kipande. Alitazama visu kwa macho makali, kwa kuwa macho ndiyo yaliyobaki, lakini macho huchelewa.

"Somoe," akasema Fidea. "Unatoka damu."

"Wapi?"

Mkono wa Fidea ulikuwa umesimama kwenye mpini. Somoe akafuata macho ya mtani wake mpaka chini, akaona gumba la kushoto limechanwa kuanzia kwenye kiungo, na damu imetiririka kwenye trei, imezipaka korosho tano au sita. Ilikuwa imeanza kukauka.

"Wapi, unauliza," akasema Fidea kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyejua kuwa anayo.

Alichana upindo wa kitenge chake, akamfunga kidole, akakaza fundo. Alimtazama usoni alipokaza. Uso haukukunjamana.

"Tangu lini?"

"Masika."

"Na kiti kile ulikuwa nacho."

Somoe akatazama fundo.

"Ulijua kwa nini alikuwa anashindwa?"

"Nilijua."

Fidea akavuta kamasi, akatazama mlangoni. Alifungua mdomo kama anayetafuta tusi la utani la kufaa. Tusi halikuja. "Mwanamke mjinga wewe," akasema hatimaye, na hata hilo lilimtoka kama salamu.

Chilumba alikuwa ameanza kupita, meza baada ya meza, akiangalia trei. Siku tatu za vipande ni barua ya kuachishwa kazi. Alifika meza ya kumi kutoka kwao, akafika ya tisa. Asumini alikuwa amesikia yote, hakuinua kichwa. Fidea aliisukuma trei yake, nyeupe, iliyojaa nzima, mpaka mbele ya Somoe, na ile yenye damu na vipande akaivuta kwake. Akazifuta zile zenye damu kwa kiganja. Somoe aliyaona yote hayo. Alisubiri aibu ije, au shukrani, yoyote itakayotangulia. Hakuna iliyokuja, akabaki ameweka mikono miwili juu ya trei ya mtu mwingine.

"Bi Fidea," akasema Chilumba. "Hii ni nini?"

"Ni vipande, msimamizi. Huvijui?"

"Wewe? Wewe huna vipande."

"Leo nimeamka vibaya."

Chilumba alimtazama Fidea, akatazama kitenge kilichochanwa, akatazama gumba lililofungwa upande wa pili. Akaandika kitu, au akajifanya anaandika. Akapita.

Jumanne ilikuwa zamu ya Asumini kuamka vibaya.